Jozi ya Saba

Winnipeg, Februari, baridi ya kukata masikio.
Navua glavu, nasaini: saa tatu na dakika kumi.
Mimi ni mdomo wa kukodi. Sharti langu ni moja:
usiongeze, usipunguze.

Daktari Hrynkiw anatandaza karatasi mezani.
Vijiti vyenye mistari, vimepangwa viwili viwili.
Anasema: kromosomu. Nami nasema: kromosomu.
Neno linakaa pale kama mgeni asiyejulikana amefuata nini.
Najaribu tena: nyuzi.
Ndani ya kila chembe mna nyuzi zenye maagizo,
jozi ishirini na tatu.

Mapendo Nabintu, miaka arobaini na mmoja,
mfuaji wa mashuka katika hoteli ya Barabara ya Portage,
anainama, anahesabu kwa kidole.
Kidole kinasimama.
"Hapa kuko moja."
Ndiyo. Jozi ya saba. Mwenzake hayupo.
"Kama soksi," anasema. "Zinaingia mbili kwenye mashine,
inatoka moja. Na mgeni akipiga simu
analaumu mimi."
Namfikishia daktari. Anacheka, kisha anaacha kucheka.

Kuna neno linakuja. Naliona
kama basi kwenye theluji, taa zikitangulia.
Kwake ni neno moja tu, jepesi, la kila asubuhi.
Mimi nina nini?
Ubashiri: wa mvua na wa mpira.
Utabiri: unanuka ubani na mchanga wa ramli.
Matarajio: hapana, hilo limeshabeba tumaini mgongoni,
na mimi sikutumwa kuleta tumaini.
Nasema: njia ambayo ugonjwa huu huwa unaipita.
Daktari ananikazia macho. Mbona lake fupi, langu refu?

Yapo makundi matatu, anaeleza.
Wapo ambao uzi wa nane na wa ishirini na moja
vimebadilishana vipande. Hao husikia dawa.
Wapo wa katikati.
Anayekosa wa saba yuko kundi la tatu.
Kati ya kumi, watatu, pengine wanne,
huwa hai miaka mitano baadaye,
kama tutapata uboho wa ndugu.

"Hao wanne," Mapendo anauliza, "walikuwa nani?
Walikuwa na watoto? Walikuwa wanalala usingizi?"
Nafasiri.
Daktari anafungua mikono. Hana majina.

"Sasa hii jenetiki. Ni ya ukoo? Nimewapa watoto?"
Hapana. Kosa limezuka ukubwani, ndani ya uboho wako,
peke yake. Hukulirithi. Hulirithishi.

Hapo ndipo alipolia.
Hakuwalilia watatu wala wanne.
Mama mkwe, kule Uvira, tangu damu ianze kumtoka puani
anasema kwa simu: ni damu ya kwenu hiyo.
"Aniandikie," alisema. "Kwamba si ya kwetu. Na muhuri."
Daktari aliandika kwa Kiingereza, mistari mitatu.
Muhuri ulitafutwa hadi dirisha la mapokezi.

Ndugu yupo. Bisimwa, kambini Nyarugusu,
mwaka wa kumi na tatu akingoja barua ya safari.
Watamtumia kijiti cha pamba apanguse shavu kwa ndani.
Mate yake yatapata njia upesi kuliko yeye.
Hili sikulifasiri. Halikusemwa na mtu.

Mlangoani, koti limeshafungwa hadi kidevuni,
akageuka: "Nitapona?"
Daktari alisema hajui.
Nikasema: hajui bado.

Nimejaza fomu ndani ya gari, injini ikipata joto.
Muda: saa moja na robo. Maegesho: dola nane.
Lugha: Kiswahili.
Maelezo mengine: nimepaacha wazi.
Bado ilikuwa yangu.